Je, Wajua? Maji ya Studio Yana Fedha

Inaudhi kuona dawa za kusafishia picha zikimwagwa mferejini kana kwamba ni maji ya kufulia. Fiksa, ile dawa ya mwisho inayokaza picha, kazi yake ni kuyeyusha fedha ambayo mwanga haukuigusa, na ikishachoka huwa imebeba gramu kadhaa za madini hayo katika kila lita. Filamu ya rangi ndiyo inayotoa zaidi: fedha yake yote huishia majini, picha ikabaki rangi tupu.

Kuinasa hakuhitaji mtambo. Jaza nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria, ndani ya ndoo ya plastiki, kisha pitisha fiksa polepole. Chuma huachia elektroni kwa urahisi kuliko fedha, kwa hiyo chenyewe huyeyuka na kwenda na maji, nayo fedha huganda ikawa tope la kijivu. Gramu 56 za chuma hubadilishana na gramu 216 za fedha! Lakini ndoo hii haitaki pupa. Ukimimina kwa kasi, maji hujitoboea njia yake katikati ya nyuzi na kupita na mzigo wake. Ukichanganya na dawa ya kwanza, ile ya kutokeza picha, ukali wa asidi ya fiksa hupotea na kazi husimama. Ndiyo maana mafundi makini hupanga ndoo mbili, ya pili ikidaka kilichoiponyoka ya kwanza, na huchovya kipande safi cha shaba kwenye maji yanayotoka: kikipata weupe, fedha bado imo.

Fedha inayoachwa ipite mferejini hudhuru viumbe vya majini. Karibu na bomba la majitaka la Palo Alto, California, watafiti wamefuatilia kombe wadogo wa matopeni tangu miaka ya 1970. Fedha na shaba zilipojaa miilini mwao, ni wachache waliopevuka kuzaa. Zilipopungua, uzazi ukarudi. Maabara za picha zilikuwa miongoni mwa vyanzo vya fedha hiyo.

Tope likisafishwa hutoa fedha ya kutengenezea mikufu, aloi za kulehemu, vioo na paneli za jua.

Hospitali ambazo bado zinasafisha filamu za eksirei kwa dawa zina fiksa hiyo hiyo. Wakuu wa maabara, tengeni pipa lake leo, lenye mfuniko, na msiruhusu tone liingie mferejini kabla halijapita kwenye chuma.