Acheni Mtangazaji Aseme

Kaseti za muziki wa redio zilizorekodiwa nyumbani katika miaka ya sabini na themanini zina alama moja inayozitambulisha. Kila wimbo umechelewa kuanza. Gitaa linaingia likiwa tayari katikati ya safari, na mwishoni sauti ya mtangazaji inakatika kwa mkwaruzo kabla hajamaliza kutaja jina la bendi. Aliyerekodi alikuwa ameinama mbele ya redio kaseti, kidole juu ya kitufe, akimvizia mtangazaji anyamaze. Alitaka wimbo, maneno yalikuwa kero. Leo wakusanyaji wa Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, wanaohamisha kaseti hizo kwenye kompyuta wanaendeleza uwindaji ule ule kwa vifaa bora zaidi: salamu zinakatwa, matangazo ya sabuni yanakatwa, saa inakatwa, kikohozi cha mtangazaji kinakatwa, muziki unabaki. Katika nchi ya mahindi naweza kusema hivi: wanapepeta kinyume, punje zinapeperushwa na makapi yanabaki kwenye ungo. Makapi ni neno kali kwa muziki wa mwimbaji kama Daudi Kabaka, na ninalifuta. Lakini dai langu nalishikilia, kwamba katika kaseti ya redio kilicho adimu ni yale yaliyosemwa kati ya wimbo na wimbo.

Mfano wa mbali unasaidia kuliona jambo hili. Kipindi cha Marekani kiitwacho American Top 40 kilianza tarehe 4 Julai 1970, Casey Kasem akihesabu nyimbo kutoka ya 40 hadi ya kwanza. Kilirekodiwa studio, kikachapwa kwenye santuri na kutumwa kwa vituo vilivyojiandikisha, saa tatu za kipindi kila wiki na baadaye saa nne. Seti zilizosalia za santuri hizo zinasakwa na wakusanyaji hadi leo, pamoja na kanda walizojirekodia wasikilizaji. Sasa jiulize wanasaka nini. Nyimbo zilizoshika nafasi katika chati ile zinapatikana kwa urahisi, tena kwa sauti safi kuliko ya kipindi chenyewe. Wanachokisaka ni Kasem: namna anavyoeleza wimbo ulivyopanda au kuporomoka, kisa cha mwimbaji anachokianzisha kabla ya tangazo na kukimalizia baadaye, na barua za wasikilizaji anazozisoma. Kumkata Kasem ni kubaki na rundo la nyimbo ambazo kila mtu anazo.

Kwetu hali ni ile ile, ila dharura ni kubwa zaidi, kwa sababu chati yetu ilikuwa salamu. Baada ya serikali kulitwaa shirika la utangazaji mwaka 1964 na kuliita Sauti ya Kenya, VoK kwa kifupi, redio nchini ilikuwa mikononi mwake peke yake; jina lilibadilika kuwa KBC, yaani Shirika la Utangazaji la Kenya, mwaka 1989, lakini msikilizaji hakupata kituo cha binafsi hadi Capital FM ilipoanza Nairobi mwaka 1996. Kwa hiyo kadi ya salamu iliyotumwa kutoka Chwele, Kimilili, Kiminini au Endebess iliingia kwenye rundo moja na kadi za nchi nzima. Aliyeituma aliandika majina ya anaowasalimu, akataja wimbo, akatia stempu. Wimbo ulioombwa na wengi ulirudi hewani mara kwa mara, na ulioombwa na wachache ulipotea. Hiyo ni kura, hata kama hakuna aliyeibandika ukutani ikiwa na namba kutoka 40 hadi moja. Na tofauti na kipindi cha Kasem, mtangazaji wetu alisoma kadi hizo moja kwa moja. Hakuna santuri ya kipindi iliyotumwa kokote. Akishazima kipaza sauti, nakala iliyobaki ni ile iliyokuwa ikizunguka ndani ya redio kaseti ya mtu fulani, kama ilikuwepo.

Maneno hayo yana kazi ambayo muziki peke yake hauwezi. Mtu yeyote aliyejaribu kuandika historia ya santuri ndogo za Kenya anajua shida yake: lebo inataja mwimbaji, kampuni na namba, lakini mara nyingi mwaka haumo. Kampuni zilifungwa, madaftari yakapotea, na kinachobaki ni kubahatisha kwa kulinganisha namba za lebo. Kaseti ambayo mtangazaji anataja siku na tarehe, au ambayo imenasa nusu dakika ya taarifa ya habari kabla ya muziki, inaweka kigingi: wimbo huu ulikuwa umeshatoka kufikia siku hii. Halafu kuna suala la pande mbili. Rumba na benga ndefu ziligawanywa katika santuri ndogo, mwanzo upande wa kwanza na mwendelezo upande wa pili, na utamu wa magitaa mara nyingi ulikuwa huko nyuma. Kaseti inatuambia kama mtangazaji aliigeuza santuri au aliishia upande wa kwanza. Maana yake, inatuambia ni wimbo gani hasa ambao watu wa Webuye waliupenda: ule mzima tunaousikia leo katika matoleo mapya, au nusu yake.

Zaidi ya hayo, orodha ya salamu ni ramani ya watu. Trans Nzoia, iliko Kitale, ni kaunti ya mashamba makubwa ya zamani ya walowezi, ambayo baada ya Uhuru yalivuta familia kutoka pande nyingi. Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana na Wakikuyu wanakutana katika soko moja. Bungoma nayo ina Wabukusu, Watachoni, Wasabaot na Wateso. Ni vikundi gani vilisalimiana kwa wimbo gani, kwa lugha gani? Je, aliyekuwa na litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, nyumbani aliomba wimbo wa kwao, au aliomba bendi ya Les Wanyika kama kijana wa Mombasa? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 1980 uongozi wa VoK uliagiza kwamba asilimia 75 ya muziki unaopigwa uwe wa Kenya, na agizo hilo likaondolewa baada ya muda mfupi sana kutokana na upinzani. Mjadala huo wa muziki wa nyumbani na wa kigeni unaendelea hadi leo, na kila upande unadai kuwasemea wasikilizaji. Majalada ya ofisi yatatueleza kilichoagizwa. Kilichopigwa na walioomba kipigwe tutakijua kwa kuyasikiliza maneno kati ya nyimbo, na mkusanyaji anayeyakata anauharibu ushahidi bila kujua.

Pingamizi la kwanza ni la masikio: kaseti hizi zinasikika vibaya, zina mvumo, zina redio ya nchi jirani ikipenya usiku, kwa nini mtu ahifadhi kelele? Ni kweli zinasikika vibaya. Lakini hata anayejali muziki tu anamhitaji mtangazaji, na hapa suala ni la kiufundi. Nyumba nyingi za vijijini hazikuwa na stima. Redio kaseti ilitumia mawe, yaani betri, na mawe yakichoka mota inazunguka polepole. Utepe uliorekodiwa polepole ukichezwa kwenye mashine yenye kasi sahihi, sentimita 4.76 kwa sekunde, unakimbia na sauti inapanda. Ndiyo maana katika kaseti nyingine wimbo wa mwisho unaimbwa kwa sauti nyembamba kuliko wa kwanza, na asiyejua hudhani bendi ilibadilisha ufunguo. Kama kaseti ilirekodiwa kwenye stima, mara nyingi kuna mvumo hafifu wa mizunguko 50 kwa sekunde uliojipenyeza, na fundi anaweza kuutumia kurekebisha kasi. Penye mawe hakuna mvumo huo. Kilichobaki cha kupimia ni binadamu anayezungumza. Sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyeendesha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? tangu mwaka 1966, inajulikana na Wakenya wa rika nyingi. Akisikika kama mvulana wa shule ya msingi, hata mtoto atajua kaseti inakimbia. Na kama kipindi kimenasa milio ya saa ya BBC, ni bora zaidi, kwa kuwa milio ile hupigwa kwa mizunguko 1,000 kamili kwa sekunde. Ukivikata vitu hivi ili ubaki na muziki safi, umejinyima kipimo cha kuusafishia muziki huo.

Pingamizi la pili lina nguvu kuliko la kwanza: hii si kazi ya mashabiki, ni kazi ya shirika la utangazaji, ambalo lina maktaba yake. Sina ubishi kwamba maktaba ya santuri na kanda za studio ni hazina. Lakini maktaba ya redio huhifadhi vitu vya kupigwa. Kilichorushwa hewani siku fulani saa fulani ni jambo jingine. Hata mashirika tajiri yalifuta kanda ili yazitumie tena, na BBC yenyewe, pamoja na bajeti yake, ilianzisha kampeni mwaka 2001 ya kuwaomba wananchi warudishe vipindi walivyojirekodia nyumbani. Karibu nasi zaidi, Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi yenyewe studioni, na kwa hiyo kanda zake zimebeba muziki ambao haukutoka kwenye santuri. Maneno ya siku zile yalikuwa na bahati ndogo kuliko muziki. Huko Hargeisa, Somaliland, kanda za redio zilifichwa ardhini kabla ya mji kushambuliwa kwa mabomu mwaka 1988, na leo kituo cha utamaduni cha mji huo kina zaidi ya kaseti 10,000, ambazo sehemu kubwa zimetoka kwa watu wa kawaida. Taasisi na mashabiki walihitajiana. Kwa Kitale hoja hii haipaswi kuwa ngeni. Makumbusho ya mji huo yalitokana na mkusanyaji mmoja, Hugh Stoneham, mwanajeshi aliyekusanya wadudu, wanyama na vitabu hadi alipofariki mwaka 1966. Nani angemwambia mwaka 1926, alipofungua makumbusho yake ya binafsi, kwamba masanduku ya vipepeo ni kazi ya serikali?

Sheria inatisha wengi, na wengine huitumia kama kisingizio cha kutofanya lolote. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa shughuli binafsi na utafiti, na ilitambua kwamba watu hurekodi nyumbani, ndiyo maana iliweka utaratibu wa fidia kwa wasanii kutokana na kanda tupu. Haki katika matangazo hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka yaliporushwa, na vivyo hivyo haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Matangazo ya mwaka 1974, basi, yalitoka kwenye kinga mwisho wa 2024. Utunzi ni habari nyingine: unalindwa kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. George Mukabi, bingwa wa gitaa la omutibo, alifariki mwaka 1963, na nyimbo zake zimeshatoka. Kabaka alifariki 2001, na zake zitalindwa hadi 2051. Utaona jambo la kuchekesha hapa. Katika kaseti ya 1974, sehemu iliyo huru kabisa, ambayo mtu anaweza kuisambaza bila kumdhulumu msanii wala mjane wake, ni maneno ya mtangazaji, yaani ile inayokatwa. Nyimbo nyingi wanazozibakiza na kuziuza kwenye flashi ndizo zenye mwenyewe.

Kuhusu majina ya watu yaliyomo kwenye salamu, na masanduku yao ya posta, tahadhari ni ya lazima lakini si kubwa. Walioandika kadi walitaka kusikika na nchi nzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatambua utafiti wa kihistoria. Inatosha kuhifadhi kila kitu, na kuchapisha kwa kiasi.

Gharama nayo si hoja tena. Kaseti ya dakika 90 ikihamishwa kwa ubora wa chini kabisa wanaoupendekeza wahifadhi, sampuli 48,000 kwa sekunde kwa biti 24 na njia mbili za sauti, inachukua takribani gigabaiti 1.6. Kaseti mia moja zinaingia kwenye diski ya gigabaiti 200 na nafasi inabaki. Kigumu ni mashine: deki nzuri za kaseti zimekwisha madukani, na anayejua kurekebisha pembe ya hedi ili ilingane na ile ya redio iliyorekodi ni fundi mwenye mvi. Ukungu nao hausubiri, hasa kwa kaseti zilizokaa kwenye sanduku la bati katika baridi ya Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya bahari. Basi kazi ya kwanza ni kucheza kila kaseti mara moja tu, kwenye deki iliyosafishwa kwa spiriti, pande zote mbili, toka kimya cha mwanzo hadi kimya cha mwisho, bila kichujio cha kelele na bila kugusa kitufe. Anayetaka muziki mtupu na akate baadaye, kwenye nakala. Na ile karatasi ya ndani iliyoandikwa kwa biro ipigwe picha na kuwekwa pamoja na faili, hata ikiwa imeandikwa tu: Jumapili, VoK, mvua.