Kwa nini unashinda sebuleni, mtandaoni unapigwa?

Nyumbani unamchapa kila mtu, ila ukiingia mtandaoni unachezea kichapo. Si lazima kiwe kiwango chako. Mara nyingi shida ni muda.

Zilianzia ukumbini

Street Fighter II ilitoka mwaka 1991 kwenye mashine za kumbi za gemu. Wachezaji wawili walisimama bega kwa bega kwenye mashine moja. Ukibonyeza, ngumi inatoka. Toleo la nyumbani la Super Nintendo lilifuata 1992.

Kwa miaka mingi ukumbi ndio ulitangulia. Hata Tekken 7 ilianzia kumbi za Japani 2015, ikafika PlayStation 4 mwaka 2017. Siku hizi mambo yamegeuka: Street Fighter 6 ilianza nyumbani Juni 2023, kumbi za Japani zikaipata Desemba.

Mtandao unakula muda

Gemu hizi huonyesha fremu 60 kwa sekunde. Ishara ya kitufe chako ikichukua milisekunde 100 kumfikia mpinzani, fremu 6 zimeshapita. Kwenye Street Fighter 6, ngumi nyepesi inaweza kutoka kwa fremu 4 tu!

Kuna njia mbili za kukabiliana na hilo:

1. Kusubiri. Gemu inangoja ishara ya mpinzani ndipo itekeleze yako. Intaneti ikiyumba, vitufe vinakuwa vizito.

2. Kukisia. Gemu haingoji. Inachukulia kuwa mpinzani anaendelea na alichokuwa anafanya. Ikikosea, inarudi nyuma fremu chache na kurekebisha. Ndiyo maana wakati mwingine unaona mtu "anaruka" ghafla kwenye skrini.

Njia ya pili ilisambazwa na programu ya GGPO. Mmarekani Tony Cannon aliitengeneza baada ya Street Fighter II ya Xbox 360, iliyotoka 2006, kulalamikiwa mtandaoni. Street Fighter 6 nayo inatumia njia hiyo ya kukisia.

Ufanye nini?

- Tumia waya badala ya Wi-Fi. Wi-Fi inapanda na kushuka, na hapo ndipo makisio yanapoharibika.
- Angalia ubora wa mawasiliano kabla ya kukubali mechi.
- Simamisha vitu vinavyojipakua ukiwa unacheza.
- Chagua mpinzani wa karibu. Mtu wa Nairobi akicheza na wa Dar, ishara ina safari fupi kuliko akicheza na wa Tokyo.

Kukisia kunaficha umbali, hakuufuti. Ukitaka kujua nani mkali kweli, kaeni kwenye konsoli moja.