Gobore la mzee: kibali hakirithiwi

Swali hili nimeulizwa Mkata, nikaulizwa tena Mombo: "Bwana shamba, mzee amefariki, kaacha gobore na kitabu chake. Si naweza kulindia mahindi?"

Hapana. Shamba unarithi, kibali cha silaha hurithi. Kibali ni cha mtu kwa jina lake. Ukikutwa na gobore la marehemu, wewe ndiye unayemiliki silaha kinyume cha sheria, hata kama kitabu kililipiwa.

Wazee wetu walizoea sheria ya mwaka 1991. Ikaja Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mwaka 2016 polisi wakafanya uhakiki wa silaha nchi nzima. Kwa hiyo uliza nyumbani: la mzee lilihakikiwa?

Usilipakie kwenye bodaboda kimyakimya. Mwambie mwenyekiti wa kijiji, pigeni simu kituo cha polisi kwanza, kisha mlikabidhi pamoja na kitabu, mpewe maandishi. Ukilitaka, omba upya kwa jina lako. Maombi yanaanzia kijijini na kupitia wilayani kwa OCD.

Wenye vibali hai, tazameni tarehe ya mwisho leo, msingoje mahindi yaanze kubeba. Na kibali cha bunduki si ruhusa ya kuua nguruwe pori. Huko kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Wakivamia, mwite afisa wanyamapori wa wilaya. Kwa usiku wa leo, mbwa, madebe na zamu na jirani.