Ukuta wa Mji Mkongwe unataka kupumua

Ukipata nafasi ya kuingia kwenye nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, pima chumba kwa hatua zako. Urefu unaweza kuwa mkubwa tu, ila upana mara nyingi hauzidi mita 3 hivi. Mwenye nyumba alikuwa tajiri wa karafuu, kaweka mlango wa kuchonga wa kutisha majirani, halafu analala kwenye chumba chembamba kama ujia. Kwa nini?

Tazama juu. Ile miti iliyopangwa sambamba darini ni boriti, miti ya mikoko. Boriti iliyonyooka na nene ya kutosha haipatikani ndefu sana. Na hata ukiipata, fizikia inakukatalia: mti uliobeba mzigo uliosambaa sawasawa, ukiongezwa urefu mara 2, unapinda mara 16 zaidi. Na mzigo wenyewe si mchezo, maana juu ya boriti hizo kuna mawe na chokaa. Kwa hiyo upana wa chumba aliuamua mkoko, si tajiri. Majahazi yalizipeleka boriti hizohizo Ghuba kwa upepo wa kusi, ndiyo maana nyumba nyingi za zamani za kule nazo zina vyumba vyembamba.

Sasa tuje kwenye kuta, maana hapo ndipo penye kesi.

Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe pia. Unayachoma kwa joto la nyuzi 900 hivi, hewa ukaa inatoka, inabaki chokaa kali. Ukiimwagia maji inachemka na kufura. Ukishaipaka ukutani, inaanza polepole kuvuta ileile hewa ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Yaani fundi wa zamani alikuwa analivunja jiwe kikemia ili alijenge upya mahali anapotaka. Mimi hili halijawahi kuacha kunishangaza.

Jiwe hili jipya lina vitundu vingi vidogo. Maji ya ardhini yanapanda ukutani, ya mvua yanapenya, lakini yanatoka tena kama mvuke kupitia chokaa. Ukuta unalowa, unakauka. Ndiyo kupumua kwenyewe.

Halafu anakuja mtu na saruji. Plasta ya saruji ni ngumu na haipitishi mvuke kirahisi. Kwa nje ukuta unapendeza, kwa ndani maji yamefungiwa. Pwani maji hayo yana chumvi, na chumvi inapoganda kuwa fuwele ndani ya vitundu inasukuma mpaka jiwe linamong'onyoka. Kibaya zaidi, vichwa vya boriti vimezama ndani ya ukuta huohuo. Vikikaa kwenye unyevu vinaoza, na ndivyo vinavyobeba dari nzima. Katikati ya chumba boriti inaonekana nzima kabisa, hujui kitu.

Usikimbilie kuwalaumu wakazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilizojengwa kwa familia moja zilianza kukaliwa na familia kadhaa, zikaongezwa vyoo na mabomba ghorofani, na kila bomba linalovuja linaishia ukutani. Chokaa inataka kulowekwa muda mrefu na kusubiriwa ikauke, saruji unainunua asubuhi, jioni umemaliza. Na mafundi wanaoijua chokaa vizuri si wengi.

Mji huu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu 2 wakafa. Sisemi saruji ndiyo iliyoliangusha. Jumba lile lina nguzo za chuma na matatizo yake mengine. Nasema tu kwamba majengo haya huwa na watu ndani.

Kama unaishi kwenye nyumba ya namna hii, mvua za masika zikiisha gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama ngoma, imeachana na ukuta. Chungulia pale boriti inapoingia ukutani, choma kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mwite fundi kabla hujaweka mtu wala mzigo ghorofani.