Modemu ya Ndani Katika Mfumo wa Linux: Mfano wa Kutafuta Chanzo cha Tatizo

Mwalimu hana budi kutofautisha kitu kilichoharibika na kitu kilichokosa msaada wake. Mfano mzuri ni modemu za ndani zilizowasumbua watumiaji wa Linux, mfumo endeshi huria, katika miaka ya mwisho ya 1990 na ya mwanzo ya 2000.

Kompyuta hutumia tarakimu mbili, 0 na 1, hali laini ya simu iliundwa kupitisha sauti ya binadamu. Modemu ni mkalimani baina yao: hugeuza tarakimu kuwa milio, na milio kuwa tarakimu. Modemu kamili ilifanya kazi hiyo yenyewe; kompyuta iliipelekea tu amri fupi zianzazo na herufi AT, desturi iliyotokana na modemu ya Hayes ya mwaka 1981. Modemu ya namna hiyo haikuisumbua sana Linux.

Baadaye, ili kupunguza gharama, watengenezaji waliondoa baadhi ya sehemu za modemu za ndani, na kazi yake wakaiachia prosesa ya kompyuta kwa njia ya programu. Kadi hizo ziliitwa winmodem, kwa kuwa programu yake iliandikwa kwa ajili ya Windows. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, huendelezwa na watu wengi walio huru kuisoma na kuirekebisha. Lakini aghalabu maelezo ya kadi hizo yalikuwa siri, nao hawakuwa na pa kuanzia. Kadi ilikuwa nzima. Iliyokosekana ni programu yake.

Utatuzi ulifuata hatua hizi:

(a) Kukitambua kifaa. Amri ya lspci huorodhesha kadi za PCI zilizomo. Jina la kwenye kasha halikutosha. La muhimu lilikuwa aina ya chipu, kama vile Lucent au Conexant.

(b) Kupambanua iwapo modemu inajitosheleza au inategemea programu.

(c) Kutafuta kiendeshi kinachoafikiana na chipu na pia toleo la kiini cha Linux. Kiini kilipobadilishwa, mara nyingi kiendeshi kilipaswa kuundwa upya.

(d) Kujaribu. Hutumwa amri AT na kungojwa jibu OK. Jibu lisipopatikana, hakuna haja ya kulaumu laini ya simu, maana tatizo liko kabla ya kuifikia.

Modemu hizo sasa zimepitwa na wakati, lakini somo lake laweza kufundishwa bila kifaa chochote. Mwanafunzi wa kwanza ampe wa pili kadi yenye tarakimu. Wa pili apige kofi moja kwa 0 na makofi mawili kwa 1. Wa tatu aandike. Kisha kanuni ya makofi ibadilishwe, na wa pili asiambiwe. Mawasiliano yatavurugika. Waulize wanafunzi: je, mikono ya mwenzenu imeharibika? Waache watafute hatua kwa hatua mahali kazi ilipokatika.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, zoea kuuliza swali hilo hilo kila mtoto anaposhindwa kujibu darasani. Kabla ya kumwita mzito, chunguza kama amepewa maarifa ambayo swali lako linayategemea.