Je, Wajua? Namna za Kutengwa Usukumani

Je, wajua kuwa wafugaji Wasukuma wa Bariadi na wilaya jirani huitenga ardhi ili ipone? Mvua zinapoanza, kipande cha malisho hufungwa, na ng'ombe hawakikanyagi mpaka kiangazi kikolee. Eneo hilo ndilo ngitili. Kwingine kunapobaki vumbi tupu, hufunguliwa kidogo kidogo, na wanaofikiriwa kwanza ni ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia.

Utaratibu huu ulikaribia kufa. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na kaya zao, ngitili zikakosa wa kuzitunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 (Bariadi ilikuwa bado Shinyanga, mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012), ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishavuka hekta 300,000! Kinachonigusa zaidi ni kwamba miti mingi ya ngitili hizo haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi vilikuwa hai chini, vikachipua vilipoachwa vipumzike.

Anayelinda mpaka wa ngitili ni nani? Kanuni hupangwa na dagashida, mkutano wa jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi, huzisimamia. Anayeingiza mifugo hutozwa faini. Akikaidi, hutengwa yeye: hasalimiwi, hapewi moto, na akifiwa hakuna jirani anayekuja kuchimba kaburi. Akitaka kurudi, huomba radhi na kulipa, pengine ng'ombe wa kuchinjwa na kuliwa na wote. Naiheshimu dagashida, lakini adhabu hii huwaangukia pia mke na watoto ambao hawakuulizwa lolote, na hilo si haki.

Kuna kutengwa kwingine, kuchungu kuliko huko. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa Kanda ya Ziwa miaka ya 2000, watoto wengi walipelekwa kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wasiuawe. Ngitili ina msimu wa kufunguliwa, na mkaidi ana faini ya kulipa arudi kwao. Watoto hawa hawakuwa na kosa wala hawakupangiwa siku ya kurudi. Wengine walifika wakiwa wadogo sana, wakakulia bwenini mbali na mama zao.