Kidonda cha moyoni: Je, kidonge kilichopigwa marufuku chaweza kuponya kiwewe?

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 54 huja kliniki yangu kila baada ya miezi miwili hivi. Mara hulalamika kichwa, mara moyo kwenda mbio, mara tumbo kumwaka moto. Amepimwa malaria, homa ya matumbo, vidonda vya tumbo na shinikizo la damu. Amepimwa moyo. Kila mara majibu huwa yale yale: hakuna ugonjwa ulioonekana. Kwa karibu miaka miwili nilimwandikia dawa za maumivu na kumwaga, bila kumwuliza swali moja rahisi: Mama, ni jambo gani lililokupata?

Siku nilipomwuliza, alinyamaza kwa kitambo. Kisha akaniambia kwamba Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa karani katika jengo lililo karibu na ubalozi wa Marekani, jijini Nairobi. Walisikia mlipuko mdogo, wakaenda dirishani kuchungulia. Yeye aliitwa na simu iliyokuwa ikilia mezani pake, akageuka. Mwenzake alibaki dirishani. Sekunde chache baadaye bomu kubwa likalipuka. Watu 213 walipoteza maisha yao hapa Nairobi siku hiyo na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao macho na nyuso kwa vioo. Tangu siku hiyo mama huyu hajawahi kuketi karibu na dirisha. Gurudumu la lori likipasuka barabarani usiku, hapati usingizi hadi alfajiri.

Mwezi uliopita alinijia na swali jipya. Mwanawe aishiye Marekani alimweleza kwamba huko madaktari wanatibu watu kama yeye kwa kidonge kimoja kiitwacho MDMA, ambacho vijana hukijua kwa jina la ekstasi. "Daktari," akaniambia kwa sauti ya chini, "nasikia vijana wanakiuza hapa mjini kwenye karamu zao. Je, ninunue kimoja nijaribu? Nimechoka."

Swali hilo si lake peke yake. Ndiyo maana nimeona vyema nilijibu hapa.

Kiwewe ni nini?

Mtu akipatwa na jambo la kutisha mno, kama vile ajali, ubakaji, vita au kuona mwingine akiuawa, mwili wake hupiga king'ora. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, macho huwa makali. Hii ni kawaida, nayo humwokoa mtu. Watu wengi hutulia baada ya siku au majuma machache. Lakini kwa wengine king'ora hakizimiki. Tukio hurudi katika ndoto na mchana kweupe kana kwamba linatokea sasa. Mtu huanza kukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Hisia hufa ganzi, hujilaumu, hukasirika upesi na hushtuka kwa jambo dogo. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha yake, hapo twasema ana maradhi ya kiwewe.

Maradhi haya yaliingizwa rasmi katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya askari wengi kurudi kutoka vita vya Vietnam wakiwa hawalali. Lakini si maradhi ya askari pekee. Hapa kwetu yupo aliyenusurika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, yupo aliyekuwa Westgate mwaka 2013, wapo wanafunzi wa Garissa wa mwaka 2015, na wapo wengi zaidi ambao kiwewe chao kilitokea ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti wa watu wazima katika jimbo la California. Waligundua kwamba kadiri mtu alivyopata mateso mengi zaidi utotoni, ndivyo alivyokuwa katika hatari zaidi ya ulevi, huzuni kubwa, maradhi ya moyo na mengineyo ukubwani. Kwa maneno mengine, kidonda cha moyoni hakikai moyoni tu.

Daktari anayeuliza vizuri

Kutokana na ujuzi huo ulizuka mwenendo mpya wa utabibu. Daktari wa mwenendo huu haanzi kwa kuuliza, "Una kasoro gani?" bali "Ni nini kilichokupata?" Hamlazimishi mgonjwa kusimulia. Humweleza kila analotaka kufanya kabla ya kumgusa, humwomba ruhusa, na humwacha achague kiti, hata kama ni kile kilicho mbali na dirisha. Idara ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili na uraibu ilitoa mwongozo mwaka 2014 ikisisitiza usalama, uaminifu, ushirikiano na kumpa mgonjwa sauti. Jambo kuu ni hili: tiba yenyewe isimwumize mtu mara ya pili.

Hayo hayahitaji mashine wala fedha. Yahitaji adabu na subira, vitu ambavyo sisi madaktari tulio na foleni ya wagonjwa 40 mlangoni huvisahau.

Kidonge chenyewe

MDMA si dawa mpya. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912 katika kampuni ya Merck, nchini Ujerumani, kisha ikasahauliwa. Katika miaka ya 1970 mwanakemia Alexander Shulgin wa California aliitengeneza tena, na baadhi ya washauri wa kisaikolojia wakaanza kuitumia kwa wagonjwa wao. Vijana nao wakaipeleka kwenye dansi. Mwaka 1985 serikali ya Marekani ikaipiga marufuku, ikiiweka pamoja na heroini katika fungu la dawa zisizo na faida ya tiba.

Waliokataa kukata tamaa waliendelea kuomba ruhusa ya kufanya utafiti. Miongoni mwao ni Dkt. Michael Mithoefer, daktari wa akili, na mkewe Annie, ambaye ni muuguzi. Mwaka 2011 walichapisha matokeo ya wagonjwa 20 waliotibiwa katika jimbo la South Carolina. Kati ya 12 waliopewa MDMA pamoja na mazungumzo, 10 walipata nafuu kubwa. Kati ya 8 waliopewa kidonge kitupu pamoja na mazungumzo yale yale, ni 2 tu.

Utafiti mkubwa zaidi, wa watu 90, ulichapishwa mwaka 2021. Asilimia 67 ya waliopata MDMA hawakuhesabika tena kuwa na maradhi ya kiwewe, ilhali kwa waliopewa kidonge kitupu ilikuwa asilimia 32. Mwingine wa watu 104, wa mwaka 2023, ulionyesha asilimia 71 dhidi ya 48.

Msomaji aangalie vizuri jambo moja. Katika tafiti hizo hakuna aliyepewa kidonge na kuambiwa aende nyumbani. Kwanza mgonjwa hupimwa moyo na shinikizo la damu. Hukutana na waganga wawili mara tatu ili wazoeane. Siku ya dawa hulazwa kitandani katika chumba kitulivu, kwa muda wa saa nane, wakiwa kando yake. Yeye huongea akipenda au hunyamaza. Dawa hupunguza hofu bila kuzima akili, hivyo aweza kulitazama tukio lile bila kulikimbia. Siku ya namna hiyo hurudiwa mara tatu tu, takriban mwezi mmoja mmoja, na kila moja hufuatwa na mazungumzo ya kutafakari yaliyojitokeza. Dawa hufungua mlango. Kazi yenyewe hufanywa na mgonjwa na waganga wake.

Breki zakanyagwa

Basi mbona dawa hii haimo madukani? Mwezi Juni 2024 kamati ya wataalamu ilikutana kuishauri serikali ya Marekani. Wajumbe 9 kati ya 11 walisema haijathibitika kuwa inafaa, na 10 wakasema faida zake hazizidi hatari. Tarehe 9 Agosti 2024 serikali ikakataa kuiidhinisha na kutaka utafiti mwingine ufanywe.

Sababu zao ni nzito. Kwanza, mtu aliyemeza MDMA hujua amemeza, na aliyepewa kidonge kitupu pia hujua. Hivyo ni vigumu kutenganisha nguvu ya dawa na nguvu ya matumaini. Pili, dawa hii huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, mtu aliye chini ya dawa hii hufungua moyo na kumwamini aliye mbele yake. Katika jaribio moja nchini Kanada, waganga waliovunja miiko walimgusa mgonjwa mwanamke kwa namna isiyostahili. Mtu aliyekwisha kudhulumiwa akidhulumiwa tena na mganga wake, ni heri asingalitibiwa.

Australia imechukua njia nyingine. Tangu tarehe 1 Julai 2023, madaktari wa akili waliopewa kibali maalumu wanaruhusiwa kuitumia MDMA kwa kiwewe, na silosaibini itokanayo na uyoga kwa huzuni kubwa iliyoshinda dawa nyingine.

Hapa kwetu je?

Nchini Kenya MDMA imekatazwa na sheria. Hakuna kliniki yenye haki ya kuitoa, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kile kinachouzwa kwenye karamu hakuna ajuaye kilichomo. Chaweza kuwa na kemikali nyingine kabisa. Na hata kingekuwa halisi, mama wa miaka 54 akikimeza peke yake chumbani anacheza na kifo. Isitoshe, kuchanganya dawa hiyo na baadhi ya dawa za kutibu huzuni huweza kuleta madhara makubwa.

Lakini kukosa MDMA si kukosa tiba. Mazungumzo yenye utaratibu, ambamo mgonjwa husaidiwa kulisimulia tukio hatua kwa hatua, ndiyo tiba iliyothibitika zaidi. Katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa hivyo na wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo mafupi, na wakapata nafuu, kama utafiti wa mwaka 2008 ulivyoonyesha. Hapa Nairobi, utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake waliopitia dhuluma za kijinsia walipunguziwa dhiki kwa mikutano mitano tu na wahudumu wa afya wa mitaani. Aidha, zipo dawa za kawaida kama sertralini, ambazo daktari aweza kuziandika.

Ewe msomaji, ikiwa wewe au jamaa yako ana usingizi wa mang'amung'amu, hushtuka ovyo, hukwepa mahali fulani au ameanza kuzamisha mawazo katika pombe baada ya tukio baya, mweleze daktari tukio hilo. Usimweleze kichwa na tumbo pekee. Akikupuuza, mtafute mwingine. Na akija na wazo la kujidhuru, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Yule mama nilimwambia asinunue kitu. Nilimwandikia barua aende kwa mshauri nasaha, na nikamwomba msamaha kwa ile miaka miwili. Amekwisha kwenda mara nne. Juzi alipokuja, alinitajia kwa mara ya kwanza jina la mwenzake aliyebaki dirishani. Alilia, kisha akapangusa machozi, akaniuliza kama anaweza kupunguza zile dawa za kichwa. Nikamwambia tujaribu.